Tafuta Wodi Kabla ya Kutafuta Chuo

Muuguzi wa Afrika Mashariki anayefanya kazi Dubai hakosi tangazo la shahada ya uzamili. Lisipomfikia kwenye simu litamkuta njiani: tramu iliyoanza kupita Dubai Marina Novemba 2014 ina kituo kiitwacho Knowledge Village, jirani na mtaa mzima wa vyuo vya kigeni, na anayetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi anapita hapo akiwa amechoka kiasi cha kuamini karibu kila anachokisoma. Kozi za jioni, kozi za wikendi, kozi za mtandaoni zisizohitaji hata kufika darasani. Kwa muuguzi anayetaka kubobea katika kuwatunza watoto wachanga walio hatarini, ushauri wangu ni mmoja, nao unakwenda kinyume na matangazo hayo: usianze na chuo, anza na wodi. Shahada ya fani hii ina thamani kwa kadiri ya saa ulizokaa kando ya inkyubeta chini ya jicho la mtu anayejua kukuzidi. Chuo kisichoweza kukuambia saa hizo utazipata wapi, na kwa nani, kinakuuzia karatasi.

Tuelewane kwanza tunamzungumzia nani. Si kila muuguzi wa wodi ya watoto, wala si mkunga mwenye uzoefu, ingawa wote wawili wanaweza kufika huko. Ni muuguzi aliyesomea ngazi ya uzamili ili aweze kumpima mtoto aliyezaliwa na wiki 26, kuamua tatizo ni nini, kuagiza vipimo na dawa, kumwekea mpira wa kupumulia inapobidi, na kubeba jukumu la maamuzi hayo mpaka zamu iishe. Uuguzi wa namna hii ulianza kupata umbo Marekani mwaka 1965, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo yao katika Chuo Kikuu cha Colorado. Uingereza ilipata kozi yake ya kwanza ya ngazi hii kwa ajili ya watoto wachanga huko Southampton mwaka 1992. Na Baraza la Kimataifa la Wauguzi, katika mwongozo wake wa 2020, lilipendekeza shahada ya uzamili iwe ndicho kiwango cha chini. Kwa hiyo sibishani na wanaosema shahada inahitajika. Inahitajika. Ninachobishania ni shahada ya namna gani, na inachukuliwa lini.

Chukua jambo moja tu, oksijeni, uone kwa nini. Mtoto njiti wa gramu 900 yuko kwenye CPAP, mashine ya kumsaidia kupumua. Kengele inalia, namba ya oksijeni ya damu kwenye skrini imeshuka hadi 84. Mkono wa muuguzi asiye na uzoefu unakwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha oksijeni. Anaipandisha, namba inafika 99, kengele inanyamaza, naye anarudi kwenye dawa za mtoto wa kitanda cha pili. Kwa mtu mzima, hiyo 99 ingekuwa habari njema. Kwa njiti, ikiachwa hivyo na kurudiwa siku baada ya siku, inaharibu mishipa ya macho. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 watoto wapatao 10,000 walipofuka kwa njia hiyo kabla ya utafiti kuonyesha chanzo. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ndiye anayejulikana zaidi kati yao. Hofu ikawapeleka madaktari upande wa pili, wakabana oksijeni, na watoto wakaanza kufa kwa kuikosa. Imebidi dunia ingoje hadi miaka yetu hii, majaribio ya nchi kadhaa yalipounganishwa na kuchapishwa 2018 yakiwa na watoto karibu 5,000 waliozaliwa kabla ya wiki 28, ili ionekane wazi kwamba waliolengwa kubaki kati ya 85 na 89 walikufa zaidi kuliko waliolengwa kati ya 91 na 95, ingawa macho yao yalisalimika zaidi.

Namba hizo utazisoma kitabuni kwa dakika mbili. Ambacho kitabu hakikupi ni kujua, mbele ya mtoto huyu, kwa nini kengele imelia. Je, kile kipira cha puani kimechomoka? Kuna makamasi? Tumbo limejaa hewa na linasukuma mapafu? Amesahau kupumua kwa kuwa ni njiti, na kumgusa unyayo kunatosha kumkumbusha, au amesahau kwa kuwa bakteria wameshaingia kwenye damu, na baada ya saa sita atakuwa mahututi? Tofauti kati ya hayo mawili ya mwisho ni ndogo sana kwa macho na ni kubwa sana kwa matokeo. Inafundishwa na mtu anayesimama pembeni yako saa tisa usiku akikuuliza kwa nini umegusa kitufe hiki na si kile, na akikuacha ujibu. Hiyo ndiyo elimu ya uzamili katika fani hii. Nadharia, tasnifu na mihadhara vinakuja kuipa maneno.

Wapo wanaotilia shaka kama muuguzi anafaa kabisa kukabidhiwa maamuzi ya namna hiyo, na shaka hiyo ina nguvu katika hospitali zetu kuliko tunavyopenda kukiri. Jibu lake lipo kwenye utafiti, na ni la zamani. Huko Hamilton, Kanada, kati ya 1991 na 1992, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster waliwagawa watoto 821 kwa bahati nasibu: kundi moja lilihudumiwa na timu ya wauguzi wa ngazi ya juu, kundi la pili na madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa wa watoto, makundi yote mawili yakiwa chini ya madaktari bingwa. Vifo, matatizo ya kiafya, siku za kukaa wodini na kuridhika kwa wazazi havikutofautiana kwa maana. Kule Ashington, kaskazini mashariki mwa Uingereza, hospitali moja ilithubutu zaidi, ikaendesha huduma zake za watoto wachanga kwa kutegemea wauguzi hao badala ya madaktari wa ngazi ya chini, na tathmini zilizofuata hazikuona ubora ukishuka.

Lakini usichukue ushahidi huo na kuubandika juu ya shahada yoyote. Wauguzi wa Hamilton walikuwa wamefundishwa ndani ya wodi ya watoto mahututi, na wasimamizi wao walikuwa humo humo. Matokeo yao ni matokeo ya mafunzo ya aina hiyo. Aliyesoma miezi 18 kupitia skrini, akaandika tasnifu kuhusu maoni ya wauguzi juu ya mazingira ya kazi, hana haki ya kusema utafiti wa Hamilton unamhusu, hata kama cheti chake kina maneno yale yale. Ushahidi mwingine unatakiwa usomwe kwa uangalifu huo huo. Uchunguzi wa wodi 54 za Uingereza uliochapishwa 2007, wenye watoto zaidi ya 2,500 waliozaliwa wadogo sana au mapema sana, uliona kwamba pale ambapo kila mtoto aliye katika uangalizi wa juu alikuwa na muuguzi mmoja mwenye sifa maalumu ya watoto wachanga, uwezekano wa kufa ulipungua kwa asilimia 48. Ni matokeo makubwa. Ila sifa iliyopimwa pale ilikuwa kozi ya ubobezi inayofuata usajili wa kawaida, si shahada ya uzamili. Anayekuambia utafiti huo unathibitisha umuhimu wa uzamili ama hajausoma ama anauza kitu. Kwangu mimi unathibitisha kwamba hatua ya kati ina thamani yake yenyewe, na kwamba muuguzi ambaye bado hana kozi ya ubobezi wala miaka ya wodi hana haraka ya kukimbilia ngazi ya juu yake.

Hapa ndipo Dubai Marina inapoingia kwenye hesabu. Wauguzi wetu wengi hawakai pale. Kodi ya yale maghorofa haiendani na mishahara yao. Wanaingia pale kufanya kazi. Kampuni za uuguzi wa nyumbani huwapeleka kwenye familia zilizotoka hospitali na pacha wa kilo mbili mbili, mama bado ana mshono, baba anarudi ofisini Jumatatu, na zamu ni ya saa 12. Ghorofani juu kabisa, chumba kimepakwa rangi laini, chupa zinachemka kwenye mashine yake, na mezani kuna daftari: mililita ngapi, saa ngapi, amecheua au hakucheua, nepi ya ngapi. Ni kazi halali na ya heshima, na kwa mwenye leseni ina malipo ya kueleweka. Inafundisha vitu ambavyo wodi haifundishi vizuri, hasa namna ya kuzungumza na mzazi mwenye hofu bila kumwongezea hofu. Kosa ni kudhani kwamba miaka unayokaa humo inajenga njia ya kuelekea ubobezi. Haijengi. Programu za Marekani kwa kawaida hudai uwe na walau miaka 2 katika wodi ya uangalizi mahututi ya watoto wachanga ya daraja la tatu au la nne, yaani zile zinazopokea watoto wadogo kabisa na wagonjwa kabisa, kabla hawajakuruhusu kugusa saa za mafunzo kwa vitendo. Pacha wa ghorofani, hata kama walizaliwa na wiki 30, wamefika kwako wakiwa wamepona.

Ubaya wa pili hauonekani kwenye wasifu wa kazi: mkono unasahau. Muuguzi aliyetoka hospitali ya Muhimbili, Pumwani au Mulago akiwa na wepesi wa kumtafutia njiti mshipa, akakaa miaka mitatu akipima maziwa, anarudi kwenye usaili wa hospitali akijieleza kwa wakati uliopita. Kama hali imekulazimisha kuanza na kazi ya nyumbani, na wengi imewalazimisha, iwekee mwisho tangu siku ya kwanza, na mwisho huo uwe tarehe, si kiwango cha akiba. Akiba haishibi.

Kuhama kwenyewe kuna utaratibu. Leseni ya Mamlaka ya Afya ya Dubai huendana na kituo unachofanyia kazi, kwa hiyo huwezi kuondoka leo ukaanza kesho kwingine kana kwamba ni duka. Soma mkataba wako ukiwa na sheria mkononi: sheria ya ajira ya 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022 inaweka muda wa notisi kati ya siku 30 na 90, na inamruhusu mwajiri kuweka sharti la kutofanya kazi kwa mshindani kwa muda usiozidi miaka 2. Wengi hugundua sharti hilo wameshakubaliwa kwingine. Ukifika kwenye usaili, uliza na wewe. Wodi ni ya daraja gani? Mtoto mdogo kabisa waliyempokea mwaka uliopita alikuwa na wiki ngapi? Waliozaliwa chini ya kilo moja na nusu ni wangapi kwa mwaka? Usiku anabaki nani mwenye uamuzi? Hospitali ya serikali kama Latifa, inayohudumia wanawake na watoto, si sawa na kliniki ya kujifungulia yenye inkyubeta mbili ambazo mara nyingi hutumika kwa taa ya watoto wenye manjano. Nafasi ya chini kwenye wodi yenye watoto wagonjwa kweli inakufaa kuliko cheo kwenye wodi tulivu, na ningesema hivyo hata pale cheo kinapokuja na nyongeza ya mshahara.

Sasa chuo. Programu za Marekani za wauguzi wa watoto wachanga ndizo zinazotangazwa zaidi, kwa kuwa nyingi zina masomo ya nadharia mtandaoni, na muuguzi aliyeko Dubai anadhani kizuizi ni ada tu. Kizuizi ni kingine. Kwa kawaida zinataka uwe na leseni hai ya uuguzi ya Marekani, na mtihani wa kitaifa wa kuthibitishwa katika ubobezi huo nao unaitaka. Saa za vitendo, ambazo viwango vya 2022 vya elimu ya wauguzi wa ngazi hiyo vinataka zisipungue 750 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja, lazima zifanyike mahali chuo kinapopakubali na chini ya msimamizi kinayemkubali. Anayeweza kufika huko ni yule aliye njiani kuhamia Marekani. Uingereza nako, anayesomea kazi hii kwa kawaida huwa ameajiriwa kama mwanafunzi ndani ya wodi, huku daktari bingwa akisaini ujuzi wake mmoja baada ya mwingine. Mtu hasomi kwanza kisha akatafuta wodi. Angalia kwamba nchi hizo mbili zenye historia ndefu katika jambo hili zimefika mahali pamoja: bila wodi hakuna shahada. Tangazo linalokupa shahada bila wodi limepunguza kile kile kilichoifanya iwe na maana.

Kwa anayebaki Dubai, lililo karibu zaidi na mfumo huo ni Chuo Kikuu cha Mohammed Bin Rashid, kilichopo Dubai Healthcare City, ambacho kimekuwa na shahada ya uzamili ya uuguzi wa watoto. Tangu 2023 chuo hicho kiko chini ya taasisi moja, Dubai Health, pamoja na hospitali za umma za jiji, zikiwemo Latifa na ile ya watoto ya Al Jalila iliyofunguliwa 2016, na kwa hoja yangu hilo ni jambo zito kuliko sifa ya chuo chochote cha mbali: darasa na wodi vina mwenyewe mmoja. Tahadhari ni kwamba uuguzi wa watoto ni uwanja mpana, kuanzia mchanga hadi kijana wa sekondari, kwa hiyo kabla ya kujiandikisha pata jibu la maandishi kuhusu saa ngapi zitakuwa za watoto wachanga. Nyumbani nako njia zipo ingawa hazina jina lile lile. Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili wa uuguzi wenye mkondo wa watoto, na cha Muhimbili kina uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Msimamizi anayeelewa shabaha yako anaweza kukuelekeza utumie sehemu kubwa ya vitendo na utafiti wako kwa watoto wachanga. Sioni aibu kumshauri mtu aliyeko Dubai arudi kusoma Muhimbili. Atakutana na njiti wengi zaidi kwa wiki kuliko atakaowaona kwa miezi katika hospitali ndogo ya binafsi.

Suala la kutambuliwa kwa cheti linawachosha watu, lakini ni dogo ukilishika mapema. Tofautisha ithibati ya shirikisho, inayotolewa na tume ya ithibati ya elimu ya juu ya Emirati, na kibali cha mamlaka ya elimu ya Dubai kinachoviwezesha vyuo vya kigeni kufanya kazi katika maeneo huru. Uliza chuo kina kipi, na kama kazi unayoitaka iko Abu Dhabi au Sharjah uliza kama kinakubalika huko. Vyeti vyako vitapelekwa kuhakikiwa hadi kwenye chuo chenyewe, kwa hiyo chuo kisichojibu barua pepe leo hakitajibu wahakiki kesho. Na kama unafikiria kurudi, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na ile ya Kenya zina utaratibu wa kutambua shahada za nje. Waulize kabla ya kulipa muhula wa kwanza.

Mtu mwenye busara atanipinga hivi: unazungumza kama mwalimu, sisi tunahesabu mshahara. Cheti cha uzamili, hata cha mtandaoni, hata cha uongozi wa huduma za afya, kinampandisha mtu daraja na kumtoa kwenye zamu za usiku, na mwajiri hatazami saa za inkyubeta. Ni kweli kwa sehemu. Kama lengo lako ni ofisi, soma uongozi, usome vizuri, na usijisikie umeisaliti taaluma. Wodi zinahitaji mameneja wanaojua hesabu. Ila huyo si msomaji niliyeanza naye. Anayetaka kubaki na mtoto kitandani akinunua cheti cha njia ya mkato anajiweka mahali pabaya kuliko alipokuwa, kwa sababu sasa ana jina la mamlaka bila uwezo wake. Kosa lake la kwanza litakuwa kwa mtoto wa gramu 800, na litaandikwa kwa jina lake na namba ya leseni yake. Zaidi ya hapo, msaili anayejua kazi atamtambua kwa maswali matatu. Mwulize mtu afanye nini mtoto aliyekuwa ametulia kwenye CPAP akianza kuhitaji oksijeni zaidi tangu jioni, kisha nyamaza umsikilize. Utajua alisomea wapi.

Pingamizi linalonipa kazi zaidi ni la wanaosema: nyumbani hakuna nafasi ya muuguzi wa namna hii. Hakuna muundo wa utumishi unaomtambua, hakuna mshahara wake, na wodi yenye njiti wengi na wauguzi wachache haihitaji mbobezi, inahitaji watu. Upungufu wa watu ni wa kweli na hakuna shahada inayouziba. Lakini angalia kilichotokea Muhimbili. Hospitali hiyo ilikuwa moja kati ya tano, pamoja na nyingine za Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizoshiriki jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa 2021. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa: wengine waliwekwa kifuani kwa mama mara baada ya kuzaliwa, hata kabla hawajatulia, wengine wakangoja watulie kwanza kama ilivyozoeleka. Waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12 kwa kundi la kwanza na 15.7 kwa la pili, na jaribio likasimamishwa mapema kwa kuwa faida ilikuwa dhahiri. Kilichookoa watoto hao hakikuwa mtambo. Ilikuwa ni kuipanga upya wodi ili mama na mtoto mgonjwa walale pamoja, mama aliyejifungua juzi atibiwe pale pale alipo mtoto, na muuguzi ajue kumtazama njiti anayepumua kwa shida akiwa kifuani kwa mtu badala ya ndani ya kioo.

Kazi ya kuibadilisha wodi hivyo, kuwafundisha wenzako, kuandika utaratibu, kupima kama unafuatwa, kubishana na daktari mkuu kwa takwimu badala ya kwa sauti, ndiyo hasa mafunzo ya uzamili yanapaswa kuijenga. Mfumo wa Uingereza unaitaja waziwazi: kuhudumia wagonjwa ni nguzo moja tu kati ya nne, nyingine zikiwa uongozi, ufundishaji na utafiti. Tanzania katika utafiti wake wa kitaifa wa 2022 ilikuwa ikipoteza watoto 24 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai kabla hawajafikisha mwezi, Kenya 21, na lengo la dunia kwa 2030 ni 12. Sitegemei wizara ziunde cheo kipya kwa sababu ya makala. Vyeo hufuata watu waliokwisha kuonyesha kazi, na hata kule Colorado cheo kilikuja baadaye.

Pesa nitaisemea kwa ufupi kwa kuwa kila mtu ana hesabu yake. Usisome kwa mkopo wa benki ya Dubai kama familia nyumbani inategemea fedha unazotuma. Ukipoteza kazi katikati ya masomo unapoteza na visa. Hesabu badala yake mafao yako ya mwisho wa kazi: kwa sheria ya sasa ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Miaka 5 inakupa siku 105, yaani miezi mitatu na nusu. Kwa chuo cha Ulaya hiyo haitoshi kitu. Kwa chuo cha Nairobi au Dar es Salaam inaweza kuwa mwanzo mzuri. Anayepanga kubaki muda mrefu ajue pia kwamba Mei 2025 Dubai ilitangaza visa ya dhahabu kwa wauguzi waliotumikia Dubai Health zaidi ya miaka 15, jambo linaloongeza uzito wa kuingia hospitali za umma mapema. Mwajiri akijitolea kukulipia, uliza utafungwa miaka mingapi na utarudisha kiasi gani ukiondoka kabla ya muda, kisha uandikiwe.

Ukishapata wodi, ukakaa humo miaka miwili, na ukajua msimamizi unayemtaka, mwandikie mratibu wa programu barua fupi. Mweleze wodi yako ni ya daraja gani na watoto wake ni wa wiki ngapi. Muulize saa za vitendo ni ngapi, ngapi kati yake ni za watoto wachanga, zitafanyika hospitali gani, msimamizi atakuwa na sifa gani, na wahitimu wa mwaka juzi wanafanya kazi wapi na kwa leseni ya jina gani. Jibu likija na jina la hospitali na jina la mtu, omba kuzungumza na huyo mtu. Likija na punguzo la ada linaloisha Ijumaa, endelea na zamu zako na uandikie chuo kingine.